Hati ya PDF Katika Tovuti ya Shule: Kuwekwa na Kusomeka

Mzazi wa Mbugani, wilayani Kyela, hahitaji tena kungoja barua ya posta ili ajue mwanawe amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule gani. Majina hutangazwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI kwa njia ya mtandao, na maelekezo ya kujiunga na kila shule huwekwa huko huko, yakiwa katika hati za aina ya PDF. Mzazi huisoma hati hiyo kwenye simu, au huenda kwenye duka la steshenari akachapishiwa. Ndani yake kuna tarehe ya kuripoti, orodha ya vifaa vinavyotakiwa, na fomu ya uchunguzi wa afya. Hati ikifunguka, safari huanza kupangwa. Isipofunguka, siku hupita na mtoto angali nyumbani.

Siku hizi shule yenyewe nayo yaweza kuwa na tovuti, hata kama hakuna mwalimu aliyejifunza lugha za kompyuta. Zipo programu za kujengea tovuti, kama vile WordPress, Google Sites na Wix, ambazo humwezesha mtu kupanga maandishi, picha na hati kwa kubonyeza na kuburuta tu. Mwalimu huchukua hati yake, huipakia, huitazama kwenye kompyuta ya ofisi na kuiona imekaa vizuri. Jioni, mzazi anaifungua tovuti ile ile kwa simu, na mahali palipotakiwa kuwa na hati anakuta kisanduku cheupe kisicho na kitu.

Je, ni nani aliyekosea? Katika makala hii tutaeleza PDF ni kitu gani, huonyeshwaje katika tovuti, na kwa nini hati iliyokwisha kuwekwa huweza kushindwa kusomeka. Tutaona kwamba sababu zake zinaelezeka, na kwamba nyingi zinaweza kuondolewa na mwalimu mwenyewe pasipo gharama.

1. PDF ni nini?

Herufi PDF ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya "muundo wa hati inayosafirika". Wazo hilo lilielezwa mwaka 1991 na John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe ya Marekani. Wakati huo hati iliyoandikwa katika kompyuta moja ilipofunguliwa katika nyingine iliweza kubadilika kabisa: aina ya herufi ilikuwa nyingine, mistari ilivunjika mahali pasipostahili, na majedwali yalipinda. Warnock alitaka hati ambayo ingeonekana na kuchapwa kwa sura ile ile popote iendapo. Toleo la kwanza la PDF lilitolewa mwaka 1993. Mwaka 2008 muundo huo ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, kijulikanacho kama ISO 32000, na mtu yeyote aweza kutengeneza programu ya kuandika au kusoma PDF kwa kufuata kanuni zilizokwisha kuchapishwa.

Ili kuelewa tabia ya PDF, tuwatazame wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, jirani na Matema. Udongo mbichi hukubali umbo lolote, lakini chungu kikishachomwa hakibadiliki tena. Hupakiwa katika mtumbwi, huvushwa ziwani, huuzwa sokoni, na mnunuzi hukikuta na mdomo ule ule na tumbo lile lile alilolitia mfinyanzi. Hati ya PDF ni chungu kilichokwisha kuchomwa. Ukurasa wa kawaida wa tovuti ni udongo mbichi: kila unapofika kwenye kioo cha msomaji, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, huufinyanga upya kulingana na upana wa kioo hicho.

Kila kimoja kina mahali pake. Fomu ya kujazwa na kutiwa sahihi, cheti, au karatasi ya mtihani yenye michoro na majedwali huhitaji umbo lisilobadilika. Tangazo la kikao cha wazazi halihitaji. Kulichoma tangazo hilo liwe PDF ni kumtwisha mzazi chungu ilhali alichotaka ni kunywa maji.

2. Umbo lisilobadilika na kioo cha simu

Hesabu fupi itatuonyesha gharama ya umbo hilo. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Tuseme kioo cha simu kina upana wa milimita 70. Ukurasa mzima ukionyeshwa katika kioo hicho, kila kitu kitapungua hadi theluthi moja ya ukubwa wake, kwa kuwa 70 ukigawanya kwa 210 ni 1/3. Herufi iliyoandikwa kwa ukubwa wa pointi 12 itaonekana kama herufi ya pointi 4. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Kwa hiyo herufi hiyo itakuwa ndogo mno.

Msomaji atalazimika kuukuza ukurasa kwa vidole, kisha kuuvuta kulia na kushoto kwa kila mstari. Kijana mwenye macho mazuri ataweza. Bibi anayemlea mjukuu wake huenda akachoka kabla ya kufika kwenye tarehe ya kuripoti. Ukurasa wa kawaida wa tovuti hauna taabu hiyo, kwani kivinjari huivunja mistari upya ikaenea katika zile milimita 70, na herufi zikabaki na ukubwa wake.

3. Ndani ya faili

Faili la PDF lina sehemu nne. Mwanzoni upo mstari mmoja unaotaja toleo, mathalani %PDF-1.7. Kisha hufuata vitu vyenyewe vya hati: kurasa, maandishi, picha, na maumbo ya herufi. Sehemu ya tatu ni fahirisi inayoonyesha kila kitu kipo umbali wa baiti ngapi kutoka mwanzo wa faili. Mwishoni kabisa kipo kielekezo kinachoiambia programu fahirisi ilipo, na mstari wa kufungia usemao %%EOF.

Yafaa mambo mawili yaangaliwe hapa. La kwanza ni kwamba maumbo ya herufi huweza kuwekwa ndani ya faili lenyewe. Ndiyo sababu hati iliyoandikwa Mbeya kwa aina fulani ya herufi huonekana sawasawa katika simu ambayo haina aina hiyo. La pili ni kwamba fahirisi, kwa kawaida, ipo mwisho. Kompyuta yenye faili zima huruka hadi mwisho, ikasoma fahirisi, ikarudi kwenye ukurasa unaotakiwa. Lakini faili linapokuja kidogo kidogo kwa mtandao dhaifu, msomaji yu kama mtu aliyepewa kitabu ambacho orodha ya yaliyomo imechapwa ukurasa wa mwisho, na kurasa zenyewe zinaletwa moja moja. Huenda akangoja zote zifike ndipo aone ule wa kwanza.

Dawa yake ipo. Baadhi ya programu za kutengeneza PDF zina uwezo wa kulipanga faili upya ili habari za ukurasa wa kwanza zitangulie. Aghalabu uwezo huo huitwa "maandalizi ya kuonekana haraka mtandaoni". Faili likipangwa hivyo, na seva ikikubali kulitoa kwa vipande, msomaji aweza kuanza kusoma ukurasa wa kwanza huku nyingine zikiendelea kufika.

4. Njia tatu za kuonyesha PDF katika tovuti

Programu ya kujengea tovuti humpa mwalimu njia tatu, ijapokuwa majina ya vitufe hutofautiana.

Njia ya kwanza ni kiungo. Faili huhifadhiwa katika seva, na katika ukurasa huandikwa maneno ambayo msomaji akiyabonyeza, faili huja. Seva inapolipeleka faili hutanguliza lebo inayosema, "Hii ni PDF," na huweza kuongeza lebo nyingine inayosema faili lionyeshwe papo hapo au lihifadhiwe kwenye chombo cha msomaji. Baada ya hapo uamuzi ni wa chombo hicho. Kompyuta hulifungua ndani ya kivinjari. Simu nyingi hulipakua, kisha hulifungua kwa programu nyingine ya kusomea. Njia hii haina mapambo, lakini ndiyo inayoshindwa mara chache zaidi.

Njia ya pili ni dirisha. Hapa ukurasa hutobolewa tundu la mstatili, na ndani ya tundu hilo kivinjari huombwa kuionyesha hati. Katika WordPress, tangu toleo la 5.8 lililotoka Julai 2021, sehemu ya kuwekea faili yaweza kuionyesha PDF kwa namna hiyo. Katika Google Sites, hati hukaa katika hifadhi ya Google Drive na kuonyeshwa kupitia dirisha. Njia hii hupendeza machoni kwa sababu msomaji haondoki kwenye ukurasa.

Njia ya tatu ni kisomeo kilichoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Hapa ukurasa huja na programu ndogo inayoisoma PDF yenyewe na kuichora kwenye kioo kama picha. Mfano mashuhuri ni PDF.js, iliyoanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2011 na kutiwa ndani ya kivinjari cha Firefox mwaka 2013. Kisomeo cha namna hii hufanya kazi hata katika simu nyingi ambazo dirisha la kawaida hushindwa, lakini nacho kina uzito wake: hapana budi simu iipakue programu hiyo kwanza, kisha iitumie akili yake na betri yake kuchora kila ukurasa.

5. Kwa nini dirisha huwa tupu?

Sasa twaweza kulijibu swali la mwanzo. Kivinjari cha kompyuta kina kisomeo cha PDF ndani yake; Chrome, mathalani, ilianza kuwa nacho mwaka 2010. Mwalimu anapoweka dirisha, kivinjari chake hukiita kisomeo hicho, na hati huonekana. Vivinjari vingi vya simu havikutengenezwa hivyo. Vilitegemea programu nyingine iliyo nje ya kivinjari, na programu ya nje haiwezi kuchora ndani ya tundu la ukurasa wa tovuti. Tundu likabaki jeupe. Katika baadhi ya simu huonekana ukurasa wa kwanza tu, na msomaji hudhani kwamba hati imeishia hapo. Kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwani msomaji hajui kuwa amekosa kitu.

Zipo sababu nyingine tatu zinazokutwa mara kwa mara.

(a) Ruhusa. Hati iliyo katika Google Drive huanza ikiwa ya mwenyewe peke yake. Mwalimu huiona kwa sababu ameingia kwa jina lake. Mgeni huambiwa aombe ruhusa. Yapasa hati ifunguliwe kwa kila mwenye kiungo, kisha ijaribiwe katika chombo ambacho mwalimu hakuingia kwa jina lake.

(b) Jina la faili. Seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo; kwa hiyo Ada.pdf na ada.pdf ni mafaili mawili mbalimbali. Nafasi kati ya maneno nazo huleta matatizo. Jina jema ni fupi, lina herufi ndogo tupu, na maneno yake huunganishwa kwa vistari: maelekezo-kidato-5.pdf.

(c) Nakala ya zamani. Vivinjari huweka akiba ya vitu vilivyokwisha kupakuliwa ili visiombwe tena. Mwalimu akibadili hati na kuipa jina lile lile, msomaji aliyeifungua jana huenda akaonyeshwa ile ya jana. Kuongeza mwaka au tarehe katika jina la faili huondoa tatizo hili, na humwezesha mzazi kujua anasoma maelekezo ya mwaka gani.

6. Uzito wa hati, na nani anayeulipia

Pengine tatizo kubwa kuliko yote halionekani kabisa katika kompyuta ya ofisi. Hati nyingi za shule hutengenezwa kwa njia ya mzunguko: huandikwa katika kompyuta, huchapwa, hutiwa sahihi na muhuri, kisha hupigwa picha kwa skana na kugeuzwa PDF. Hati hiyo haina tena maandishi. Ina picha za maandishi.

Tupime tofauti yake. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha kwa wingi wa nukta 300 katika kila inchi, una nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Hivyo:

2,480 × 3,508 = nukta 8,699,840.

Kila nukta ya rangi huhitaji baiti 3. Kwa hiyo ukurasa mmoja, kabla ya kubanwa, ni baiti 26,099,520, yaani kama megabaiti 26. Ukurasa huo huo ukiwa na herufi 2,500 zilizoandikwa kama maandishi, herufi hizo huchukua baiti zipatazo 2,500 tu. Picha ni nzito kuliko maneno yake kwa zaidi ya mara elfu kumi.

Ni kweli kwamba picha hubanwa. Tuseme imebanwa mara kumi, ikawa megabaiti 2.6. Maelekezo ya kujiunga yenye kurasa 12 yatakuwa na megabaiti 31. Hati hiyo hiyo ikihifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia, pamoja na maumbo ya herufi zake, tuseme itakuwa na kilobaiti 200. Kwa mtandao upitishao megabiti 1 kwa sekunde, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hati ya kwanza itahitaji sekunde 248, yaani zaidi ya dakika nne, endapo mtandao hautakatika. Ya pili itahitaji chini ya sekunde mbili.

Sasa tuzidishe kwa wasomaji. Wazazi 40 wakipakua hati ya megabaiti 31, kwa pamoja watatumia megabaiti 1,240. Wakipakua ile ya kilobaiti 200, watatumia megabaiti 8. Shule hailipii tofauti hii. Hulipwa na wazazi, kila mmoja kutoka katika bando lake. Mkulima wa mpunga au wa kakao anayenunua bando la siku moja huenda akalimaliza kabla ya kuisoma orodha ya vifaa.

Tena picha ina hasara nyingine. Haiwezi kutafutwa neno ndani yake. Mwanafunzi asiyeona, atumiaye programu inayosoma maandishi kwa sauti, hasikii chochote, kwa sababu kwa programu hiyo ukurasa ni picha tupu. Ipo mbinu ya kuitambua herufi kutoka kwenye picha na kuiongeza kama maandishi nyuma yake, lakini ni afadhali kutoyapoteza maandishi tangu mwanzo. Ikiwa ni lazima kutumia skana kwa ajili ya sahihi, upigwe picha ukurasa wenye sahihi peke yake, kwa nukta 150 na bila rangi. Kwa kipimo hicho nukta hupungua hadi robo, na kila nukta huhitaji baiti 1 badala ya 3. Kwa hiyo uzito kabla ya kubana hushuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili.

7. Mfano wa Baraza la Mitihani

Mfano mzuri wa kuchagua njia kulingana na kazi twauona katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973. Siku ya kutangaza matokeo, watu wengi mno huifungua kwa wakati mmoja, wengi wao kwa simu. Matokeo ya kila shule huwekwa kama ukurasa wa kawaida wenye jedwali la maandishi, pasipo mapambo. Ukurasa huo ni mwepesi, na hufunguka hata katika simu dhaifu.

Lakini fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zina kurasa nyingi na hutakiwa kuchapwa na kuwekwa shuleni, hutolewa kama PDF. Baraza hilo hilo hutumia njia mbili, kwa kuwa kazi ni mbili. Shule ndogo yaweza kufuata busara hiyo: kinachosomwa mara moja na kwa haraka kiandikwe katika ukurasa, kinachochapwa, kujazwa au kutunzwa kiwekwe kama PDF.

8. Tahadhari

Kabla ya kupakia hati yoyote, yafaa mwalimu ajiulize maswali mawili.

Je, ina habari za watu? Orodha yenye majina ya wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi haistahili kuwekwa mahali pa wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Ifahamike pia kwamba kuchora mstatili mweusi juu ya maneno katika PDF si kuyafuta. Mara nyingi maneno hubaki chini ya mstatili huo, na mtu aweza kuyanakili na kuyasoma. Yafutwe katika hati ya asili, kisha PDF itengenezwe upya.

Je, hati ni ya shule? Kitabu cha mchapishaji kinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kukipiga picha na kukipakia ni kuivunja sheria hiyo. Kwa vitabu vya kiada, ni heri kuweka kiungo kinachompeleka mwanafunzi katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu hivyo hupatikana kwa kibali cha mwenyewe.

9. Mwisho

Tukusanye tuliyoyaona. PDF ilibuniwa ili karatasi iweze kusafiri bila kupoteza umbo lake, nayo huifanya kazi hiyo vizuri. Tatizo huzuka tunapoitumia mahali ambapo umbo halihitajiki, tunapoitwisha picha badala ya maandishi, na tunapodhani kwamba dirisha linaloonekana katika kompyuta yetu litaonekana katika simu ya kila mtu.

Kwa hiyo mwalimu anayejenga tovuti ya shule na afuate utaratibu huu. Mambo ya lazima, kama vile tarehe ya kuripoti, ada na vifaa, yaandikwe katika ukurasa wenyewe. Hati kamili itengenezwe kutoka kwenye maandishi, si kutoka kwenye picha. Akipenda kuweka dirisha, na aweke, lakini chini yake kiwepo kiungo cha wazi kinachotaja jina la hati, idadi ya kurasa na uzito wake, kwa mfano: "Maelekezo ya Kujiunga Kidato cha Tano – PDF, kurasa 12, kilobaiti 200." Msomaji akijua uzito wa mzigo kabla ya kuuinua, ataamua mwenyewe aupakue sasa au angoje. Mwisho, aazime simu ya bei ndogo, aingie katika tovuti kama mgeni, aisome hati yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi ya kuweka hati haijakwisha mpaka jaribio hilo lifaulu.

Mazoezi kwa ajili ya darasa

1. Chagua faili dogo la PDF na ulifungue kwa programu sahili ya maandishi, kama Notepad, bila kulihifadhi. Soma mstari wa kwanza na wa mwisho. Ni sehemu zipi kati ya nne zilizotajwa unazoweza kuzitambua?

2. Fungua hati tatu za PDF na ujaribu kuchagua neno moja katika kila hati. Neno likichagulika, hati ina maandishi. Lisipochagulika, yaelekea ni picha. Linganisha uzito wa kila ukurasa katika hati hizo.

3. Kokotoa idadi ya nukta katika ukurasa wa A4 uliopigwa picha kwa nukta 200 katika kila inchi. (Inchi 1 = milimita 25.4; A4 = milimita 210 × 297.) Ukurasa huo ungekuwa na megabaiti ngapi kabla ya kubanwa, endapo una rangi?

4. Shule yenu inataka kuweka katika tovuti: ratiba ya mitihani ya ndani, fomu ya uchunguzi wa afya, tangazo la kikao cha wazazi, na karatasi ya mazoezi ya jiometri. Kwa kila moja, amueni iwe ukurasa wa kawaida au PDF, na mtoe sababu.